SPEAR NA BIRI YAKE

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa sekondari, Msasani, Dar es Salaam)



Najua mlitegemea nije na ile picha ya mapafu meusi. Leo sikuja nayo. Leo nataka tuzungumze juu ya mashujaa.

Kila mmoja wenu ana shujaa wake. Kuna anayempenda Spider-Man, kuna wa Black Panther, na kuna ambaye shujaa wake ni msanii wa bongo fleva. Hakuna ubaya. Lakini ukirudi nyumbani, mtafute babu au mzee wa jirani aliyekuwa shuleni kwenye miaka ya mwisho ya 1960. Mtajie jina moja tu: Lance Spearman. Ukimwona anatabasamu, ujue umempata msomaji wake.

SPEAR ALIKUWA NANI?

Lance Spearman, au Spear kwa kifupi, alikuwa mpelelezi katika gazeti la hadithi za picha lililoitwa African Film. Lilitolewa na wachapishaji wa Drum, kampuni iliyoanzia Afrika Kusini, na lilivuma kati ya mwaka 1968 na miaka ya mwanzo ya 1970. Hadithi zake hazikuchorwa. Watu wenyewe walipigwa picha, kisha picha zikapangwa ukurasani moja baada ya nyingine kama sinema iliyosimama, na maneno yao yakawekwa kwenye viputo. Aliyeigiza Spear ni Jore Mkwanazi. Pamoja naye walikuwapo Sonia, Kapteni Victor wa polisi, na kijana mdogo mwerevu aitwaye Lemmy. Miongoni mwa maadui zake alikuwapo Rabon Zollo.

Toleo moja lilikuwa likiishia pale pale pa moto, na msomaji akabaki anahesabu siku hadi toleo lijalo litoke. Gazeti moja lilipita mikono mingi mpaka likachanika. Lilisomwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lagos na Accra. Hapa kwetu Faraji Katalambulla, aliyeandika Simu ya Kifo, naye alitoa gazeti la aina hiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania.

Kwa nini walimpenda hivyo? Fikirini kidogo. Nchi yetu ilikuwa haijatimiza hata miaka 10 ya uhuru. Katika katuni nyingi zilizotoka nje, Mwafrika alikuwa mbeba mizigo au mtu wa kuchekwa. Halafu anatokea huyu bwana: mweusi, kavaa suti safi na kofia yake, anaendesha gari la michezo, anawatandika majambazi, na mwisho anashinda yeye. Kijana aliyemsoma alinyoosha mgongo. Hilo tumpe Spear, ni haki yake.

LAKINI MDOMONI ANA NINI?

Sasa tuitazame tena ile picha. Ngumi tumeiona, gari tumeliona. Mdomoni je? Biri. Ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa. Spear na biri ni kama pete na kidole, na mezani hakosi glasi ya wiski.

Hakuna mahali alipomwambia msomaji, "Vuta kama mimi." Hakuwa na haja. Mtu ukishampenda unamchukua mzima: mwendo wake, kofia yake, na moshi wake. Kijana wa siku hizo hakuweza kununua lile gari. Suti nayo ilimshinda. Kitu pekee cha Spear alichoweza kukinunua dukani kwa senti zake kilikuwa ni sigara. Hapo ndipo penye mtego, na mtego huo haujazeeka. Leo haupo kwenye African Film. Upo kwenye video za muziki, kwenye filamu, na kwenye simu yako.

Tatizo ni kwamba picha haikohoi. Spear anavuta ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na bado anamkimbiza jambazi bila kuhema. Meno meupe, kifua kizima. Hazeeki. Karatasi haiugui.

KIFUA CHAKO SI KARATASI

Ukivuta pafu moja la sigara, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Nikotini ndiyo inayomfanya mtu aitake ya pili, na ya tatu. Ubongo wa kijana unaendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo wewe unanaswa upesi kuliko mtu mzima.

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha.

Nimewahi kuulizwa, "Dada, mbona wavuta biri hawamezi moshi?" Kweli, wengi hawaumezi. Lakini nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo, na saratani ya mdomo na ya koo haingoji moshi ufike kifuani.

"Na shisha je, si inapita kwenye maji?" Maji yanaupoza moshi tu, hayaondoi sumu. Na kwa kuwa umepoa, unauvuta mwingi zaidi. Mtu akikaa na shisha saa nzima, anavuta moshi mwingi kupita kiasi kuliko wa sigara moja.

SHUJAA ALIYEACHA

Pengine unasema, "Shujaa bila sigara atapwaya." Basi msikilize huyu. Mwaka 1946 mchoraji wa Ubelgiji aliyejiita Morris alimbuni Lucky Luke, mchunga ng'ombe wa Marekani ya zamani, hodari wa bastola. Kwa miaka mingi alikuwa na sigara mdomoni. Miaka ikaenda, watoto wengi wakamsoma. Mwaka 1983 Morris akaiondoa ile sigara, akamwekea jani la nyasi. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likamtunuku kwa uamuzi huo.

Je, Lucky Luke alipoteza wasomaji? Hata! Vitabu vyake vinaendelea kutoka mpaka leo. Bastola ilibaki na kasi yake, farasi alibaki na akili zake. Kumbe sigara haikuwa sehemu ya ushujaa. Ilikuwa imebandikwa tu, na kilichobandikwa kinabanduka.

SASA TUJE KIJIWENI

Tuseme umetoka shule, mmekaa na washkaji Coco Beach au pale Namanga. Mmoja anatoa fegi. Inazunguka, inakufikia. Wote macho kwako. Utafanyaje?

"Piga pafu moja, acha woga."
"Woga wa nini? Sivuti."
"Eti umeokoka?"
"Nina mechi kesho, nataka pumzi. Wewe endelea."
"Unatuona sisi washamba?"
"Ningewaona washamba ningekaa nanyi? Nipisheni kidogo, moshi unanijia."

Umeona? Hakuna hotuba, hakuna matusi. Sababu fupi, uso mkavu, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Jizoezeni majibu haya wawili wawili kabla ya siku yenyewe, maana siku yenyewe ulimi huwa mzito. Nanyi wasichana msidhani hayawahusu. Siku hizi ile shisha inawazungukia na ninyi.

Mkumbuke pia kuwa sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Muuzaji anayekupa sigara moja moja hakufanyii urafiki.

NA ALIYEKWISHA KUANZA?

Usijifiche, wala usijione umeshaharibika. Chagua siku ya kuacha, na umwambie rafiki mmoja unayemwamini. Hamu kali ikija, huwa inapita baada ya dakika chache tu: kunywa maji, tembea, tafuna karanga. Ukikasirika ovyo au ukikosa usingizi siku za mwanzo, usiogope, ni nikotini inaaga. Ukishindwa mara ya kwanza, anza tena, wengi walioacha hawakuweza kwa mara moja. Ukizidiwa nenda zahanati au kituo cha afya, kazungumze na mhudumu.

Mwili wako hausubiri mwaka kukushukuru. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya saa 12, ile hewa ya sumu ya moshi iliyokuwa kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara inapungua kwa karibu nusu.

Wadogo zangu, sikuja kuwanyang'anya mashujaa wenu. Someni katuni, tazameni filamu, pendeni mnaowapenda. Ila kabla ya kumuiga mtu, mkague kama unavyokagua samaki pale sokoni: mpindue, tazama mashavu, ndipo ulipe. Chukua kwa Spear ujasiri wake, akili yake, na ule mgongo ulionyooka. Biri mwachie mwenyewe. Yeye ni wa karatasi.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.