Bibi Anasema na Maharusi wa Bondeni

Mume wangu, leo umeniletea mke mwenza, na wivu sina. Jembe limekwisha kunishinda, heri nimepata wa kunipokea. Na wewe mke mwenzangu, inua uso. Padri amewaambia ya kanisani, somo wako amekufunda ya chumbani. Mimi nimebakiwa na ya shambani.

Umekulia Ifakara mjini, umezoea bomba na taa. Tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, watu wa mjini wanadhani huku ng'ambo ni karibu. Daraja linakuacha barabarani. Kutoka hapo ni pikipiki, kisha miguu, na masika yakikolea ni mtumbwi. Mkihamia shamba Desemba kupanda mpunga, huenda mkarudi kijijini Juni au Julai, magunia yakishashonwa. Mtalala kibanda cha nyasi, na mbu wa kule hawana haya. Chandarua kitangulie kabla ya sufuria. Homa ikimshika mmoja, msingoje ipoe; zahanati siku hiyo hiyo, hata kwa kubebana.

Kulima na kupalilia mtazoea. Kipindi kigumu ni mpunga unapotia maziwa. Kwelea kwelea wanashuka alfajiri, mnashinda juu ya dungu mkipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo, na usiku nguruwe pori wanakuja kudai fungu lao. Asiyelala ana ulimi mkali. Matusi ya wakati wa ndege msiyaweke moyoni, na wala msiyalete kijijini kwa wazee. Tutawafukuza.

Lakini ni dungu hilo hilo lililonipa mume. Babu yako kijijini alikuwa mtu wa kusalimia na kupita. Kule juu, hakuna wa kumsikia ila mimi, alinisimulia ujana wake wote, akaniimbia pia, vibaya mno. Sijui ndege walikimbia debe au sauti yake. Baba yako alianza kutembea chini ya dungu lile. Jioni tulichoma kambale, tukala wali wa mpunga mpya, ule unaonukia mpaka jirani anapiga hodi hajaitwa. Akija, mpakulieni.

Sasa nifike panaponiuma. Februari chakula kikipungua, mchuuzi atawafuata na fedha taslimu anunue mpunga ungali kijani, kwa bei ya kuwaonea. Mavuno yakifika atataka lumbesa. Na hata mkimkwepa huyo, ndoa za bondeni nimeziona zikifa Julai, wakati wa shibe. Mume anapeleka magunia mashineni, anarudi wiki ya pili na redio mpya, ananuka pombe. Mke naye, kwa kuwa haambiwi bei, anachota debe moja moja kwa siri. Njaa ya Februari waliivuka pamoja, hawa! Lisitoke gunia ambalo mmoja wenu hajui limeuzwa shilingi ngapi. Tengeni kwanza la chakula, la mbegu, la sare na madaftari. Linalobaki, mkiweza kuvumilia, lingoje Desemba bei ipande. Ufunguo wa ghala utundikwe mahali mkono wa kila mmoja unafika.

Watoto wakifika umri wa shule watabaki kwangu. Sitaki kumwona kitukuu wa darasa la pili anafukuza ndege siku ya mtihani.

Zile ekari tatu alizoacha babu yenu nawapa. Mume wangu, nimesema nawapa, sikusema nakupa. Hati ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inaweza kuandikwa majina ya mume na mke, na mwenyekiti nimeshaongea naye. Jumatatu asubuhi tukutane ofisi ya kijiji, mje na picha ndogo za pasipoti. Na wale wajomba wanaokunja uso pale nyuma, waje kwangu baada ya chakula.