Santuri, Filamu na Kaseti Iliyokuwa Yangu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya santuri, filamu na vitabu vya enzi zetu. Mimi si mtaalamu. Ni shabiki tu, na shabiki huwa na ubishi mwingi kuliko elimu.

Santuri niliyoichagua ni The Wall ya kundi la Pink Floyd, iliyotoka Novemba 1979, sahani mbili katika jalada moja. Wengi wenu mnajua wimbo mmoja tu, ule ambao watoto wanaikataa shule kwa sauti moja. Nasi tuliujua huo huo. Tuliunasa katika kaseti kuukuu, tukauimba mabwenini taa zikishazimwa. Huko Afrika Kusini, mwaka 1980, wanafunzi waliogomea elimu ya kibaguzi waliuimba, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Wale walikuwa na sababu. Sisi tulichukia paredi ya asubuhi tu.

Lakini sikilizeni santuri nzima. Ni hadithi ya mtu aitwaye Pink, aliyefiwa na baba yake vitani, kama alivyofiwa mtunzi mwenyewe, Roger Waters, mwaka 1944. Pink anajijengea ukuta. Mwalimu mkali ni tofali moja katika ukuta huo. Mama anayempenda kupita kiasi ni jingine, na mengine anayaweka kwa mkono wake mwenyewe. Zile sauti za watoto ni za wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, London. Aliyewapeleka studio ni nani? Mwalimu wao wa muziki! Wao hawakulipwa wakati ule. Shule ilipewa pauni 1,000. Jambo hilo hunikera kila ninapousikia wimbo.

Kwa maoni yangu, wimbo bora humo ni Comfortably Numb, kwa sababu ya gitaa la David Gilmour. Upande wa nne ningeupunguza nusu. Filamu ya santuri hiyo, aliyoiongoza Alan Parker mwaka 1982, siipendi sana. Inapiga kelele pale santuri inaponong'ona.

Anayetaka filamu ya kweli juu ya shule atafute Kes, ya Ken Loach, ya mwaka 1969, iliyotokana na kitabu cha Barry Hines cha 1968. Kijana Billy Casper, wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko Uingereza, anafuga kipanga. Shuleni huonekana hana akili. Siku moja mwalimu wa Kiingereza anamwambia aeleze habari za ndege wake, na darasa zima linatulia kumsikiliza. Kitabu ni kizuri. Filamu inakwisha pale Billy anapomzika kipanga, na naona ilifanya vyema kukomea hapo.

Niliiona filamu hiyo nikiwa mtu mzima, na kuna mahali paliponishinda. Wavulana wamepangwa mstari nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wanangoja fimbo. Anakuja mtoto mdogo aliyetumwa kuleta ujumbe tu. Wakubwa wanamtilia sigara zao mfukoni. Anapekuliwa, anachapwa pamoja nao.

Ndugu zangu, ile kaseti yetu ilikamatwa. Ilikutwa katika sanduku la kijana wa kidato cha kwanza, kwa kuwa mimi ndimi niliyemwambia anifichie. Alichapwa mbele ya paredi, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Mwalimu aliuliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kidato cha tatu, mwimbaji hodari wa nyimbo za kupinga uonevu. Nikatazama viatu vyangu. Na yule mtoto, aliyejua kila kitu, hakunitaja.

Aliporudi tulikuwa tukipishana bwaloni, naye alikuwa akiniamkia kama kawaida, "Shikamoo kaka." Nilikuwa nikiitikia.

Hayumo ukumbini leo. Nimeulizia tangu jana jioni, na kila mtu anamkumbuka lakini hakuna ajuaye aliko. Atakayekuwa na anwani yake, nitakuwa pale mlangoni mpaka chakula kitakapopakuliwa.