MTOTO ASIACHIWE KULINDA MASWETA
Mada iliyotolewa kwa wazazi, walezi na walimu, Songea



Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Ni asubuhi shuleni, wanafunzi wako kwenye mchakamchaka. Pembeni, chini ya mti, amekaa mtoto mmoja na mbele yake lipo lundo la masweta. Ana mguu uliopinda, au ana kifafa, au ana selimundu. Kazi yake ni kulinda masweta ya wenzake. Hakuna anayemchukia. Amehurumiwa tu.

Sisi wenyewe tunaopita majumbani tulifanya hivyo hivyo kwa muda mrefu. Tulipomkuta mama mwenye mtoto kama huyo tulimwambia, "Mama, huyu asichoke." Leo tumekuja kusahihisha kauli yetu.

Mwili wa mtoto hujengwa kwa kutumika. Chukueni mfano wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Dhara lililopo kwenye ubongo haliongezeki, lakini misuli isiyonyooshwa hukaza na viungo hukakamaa. Mtoto ambaye angeweza kufundishwa kukaa, akiachwa mkekani mwaka baada ya mwaka, baadaye hata kumvalisha nguo inakuwa shida. Huruma yetu ndiyo imemwongezea ulemavu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ambao kwa mara ya kwanza uliwataja wazi watu wenye ulemavu. Unasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wenye ulemavu nao wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Si lazima ziwe mfululizo. Na asiyeweza kufikisha zote, afanye anachoweza; kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

Sasa mtauliza, je, hakuna hatari? Ipo, na kila hali ina tahadhari yake.

Kwanza, mtoto mwenye selimundu. Baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali. Sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai tunazijua. Huyu asivuliwe sweta, anywe maji kabla ya kusikia kiu, na apumzike anapotaka mwenyewe. Acheze jua likishapanda. Mwalimu asimlazimishe kumaliza mizunguko, wala asimpe adhabu ya kukimbia.

Pili, mwenye pumu. Aanze kwa kutembea, kisha akimbie taratibu. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta, iwe karibu naye uwanjani, siyo imefungiwa ofisini. Uwanja wenye vumbi umwagiwe maji kwanza.

Tatu, mwenye kifafa. Anaweza kucheza mpira, rede na kuruka kamba kama wenzake, na dawa zake asiache. Asiogelee mtoni bila mtu mzima wa kumwangalia, na asipande mwembe.

Nne, mwenye ualbino. Acheze asubuhi na mapema au jioni, akiwa na kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

Tano, mtoto asiyeweza kutembea. Mkimbizeni kwenye kituo cha afya akapimwe, mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe, kisha mwendelee nyumbani kila siku. Mianzi miwili mirefu iliyofungwa sambamba kwenye nguzo, kwa urefu wa kiuno chake, inamtosha kujifunza kusimama na kupiga hatua. Haihitaji mfadhili.

Kwa mtoto asiyeona, wekeni punje za mahindi ndani ya kopo, mlifunge vizuri kwa matambara, naye ataufuata mpira kwa sauti. Akitaka kukimbia, ashike kamba fupi pamoja na mwenzake. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Mwaka 2000, kwenye Paralimpiki huko Sydney, alishinda mbio za mita 5,000. Karibu na mwisho mwongozaji wake aliishiwa nguvu, na yeye asiyeona ndiye aliyemvuta hadi kwenye mstari.

Ndugu zetu, hili si hisani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 inasema watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wengine, hata shuleni.

Tunaomba mambo matatu. Mzazi, mwambie mwalimu hali ya mtoto wako na dawa anazotumia; usifiche kwa aibu. Mwalimu, muulize mtoto mwenyewe anaweza nini kabla ya kumweka pembeni. Na jirani, ukiona mtoto amefungiwa ndani, usinyamaze. Nenda kwa upole ukazungumze na mama yake.

Masweta yatundikwe kwenye mti. Yule mtoto aingie uwanjani.