Baada ya Muujiza: Ukuaji wa Wahusika katika Hadithi za Ajabu za Shaaban Robert

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa Kiswahili na wasomaji, Choma, wilayani Igunga



1. Utangulizi

Nazungumza kama mpenzi wa vitabu, niliyeisoma Adili na Nduguze tangu shuleni na ninayeirudia hadi leo. Hoja yangu ni moja: katika hadithi ya ajabu, mhusika hakui muujiza unapotokea. Hukua baadaye, anapobaki na watu aliowaumiza au waliomuumiza.

2. Funzo la shikome

Wengi wetu tulifundishwa jambo hili motoni, kwenye shikome, kabla ya kujua kusoma. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu na mifugo. Kijana Masala Kulangwa analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai. Nilivyosimuliwa mimi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akaja juu. Shujaa aliyetoka kuokoa nchi nzima ikambidi aende kutafuta dawa ya sikio moja. Kuua zimwi kulionyesha nguvu zake; kumtibu bibi kulionyesha kwamba amekuwa mtu mzima.

3. Adili na manyani wawili

Adili na Nduguze ilitoka mwaka 1952. Ikibali, mtumishi wa Mfalme Rai, akiwa mgeni wa Adili huko Janibu, anaona jambo la kutisha usiku. Mwenyeji wake mpole anawachapa mijeledi manyani wawili, kisha anawalilia na kuwalisha. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu. Aliwagawia mali, wakaifuja, akawagawia tena, mwisho wakamtosa baharini kwa wivu. Jini Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili manyani, akamwamuru awapige kila usiku.

Tazameni mkono ule unaochapa, halafu unaandaa chakula. Adili ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, na wahakiki wengi humwita mhusika bapa. Mimi naona mtu aliyefungwa kwenye adhabu asiyoitaka, anayejifunza kwamba haki isiyo na mwisho humchosha hata aliyedhulumiwa. Siku anapouweka mjeledi chini kwa amri ya Rai, huku akijua Huria atakuja kudai, hapo amekua.

Na ndugu zake je? Kisa kinachofanana sana na hiki kimo katika Alfu Lela Ulela. Humo ndugu wawili waligeuzwa mbwa. Waliporudishiwa ubinadamu walimrudia ndugu yao kwa ubaya, wakamkaba koo. Shaaban Robert alichukua njia nyingine: Hasidi na Mwivu wanatubu na kupokewa upya. Wapo wanaosema majina yao yamewahukumu mapema, kwamba anayeitwa Hasidi hana pa kukulia. Kwangu jina hilo ni mzigo. Babu zetu wapagazi, waliobeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, walijua kwamba mzigo hutuliwa. Hasidi ametua jina lake.

4. Kusadikika: anayekua ni msikilizaji

Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Anajitetea kwa siku 6, akisimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za mbali na kufungwa waliporudi na mawazo mema. Karama wa siku ya kwanza ndiye Karama wa siku ya mwisho. Wanaobadilika ni mfalme na baraza lake: Karama anaachiwa, na milango ya gereza inafunguliwa. Hotuba ilikuwa muujiza wake. Wale wafungwa kutoka nje ndio ushahidi kwamba masikio yalisikia.

5. Mapendekezo

Kwanza, walimu tusiishie kwenye swali la "taja sifa tatu za mhusika". Tumuulize mwanafunzi: baada ya zimwi kufa, mhusika huyu alifanya nini kesho yake, na nani alimdai?

Pili, tufundishe Masala Kulangwa na Adili katika kipindi kimoja, ili mtoto wa Choma ajue kwamba hadithi ya nyanya yake na kitabu cha Shaaban Robert vinazungumza.

Tatu, vijana mnaoandika hadithi za majini na falme za kubuni, msiishie kwenye ushindi. Andikeni sura moja zaidi.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na vitabu hivi bado vinasomeka kwa saa chache. Nawaomba kila mmoja wetu, kabla hatujakutana tena, amsomee mtoto mmoja Adili na Nduguze mpaka ukurasa wa mwisho, pale ndugu wanaposameheana.