Moshi wa takataka: tuanzie mwanzo



Leo asubuhi tumefanya salongo. Tulipomaliza, tumeona nini? Yale mafungu ya taka yanawaka kando ya mufereji, plastiki ndani. Ule moshi tunauvuta sisi wote, na watoto pia.

Wengi wenu munatuuliza: nchi za inje si wanachoma vilevile? Ndiyo, wanachoma. Lakini tuelewe namna gani.

Kule Saga, Japani, tangu 2016 kiwanda cha kuchoma taka za muji kinanasa gazi kaboniki. Moshi unachujwa, unapozwa, halafu unapanda ndani ya munara. Toka juu inashuka mayi yenye dawa inaitwa amini, ndiyo inashika ile gazi. Kisha wanapasha dawa kufika karibu digri 120, gazi inaachia, dawa inarudia kazi. Wananasa mpaka tani 10 kwa siku, wanakuzia mwani na mboga. Duiven, Uholanzi, tangu 2019 gazi inapelekwa kwa wakulima wa nyumba za vioo.

Ni kazi ya akili, hatuidharau. Lakini tuangalie mambo matatu.

Ya kwanza: amini kazi yake ni gazi kaboniki. Sumu zingine za plastiki zinaondolewa na vichujio vingine, mbele ya munara.

Ya pili: kupasha ile dawa kunakula nguvu mingi, na sisi umeme unakatika kila mara. Hata Oslo, kwa matajiri, 2023 walisimamisha kazi kama hiyo juu ya gharama, wakaamua kuendelea 2025.

Ya tatu: munara unataka bomba la moshi. Moto wa kando ya barabara hauna bomba.

Basi, mukubwa akija kutuahidi kiwanda "kisicho na moshi", tusipige makofi haraka. Tumuulize: nani ataokota taka kwa kila avenye? Nani atazichambua? Nani atapima moshi, na matokeo yatabandikwa wapi?

Sisi tunadai vitu vya kwanza kwanza: magari ya taka yapite kila juma; kuchoma plastiki barabarani kuishe; na dekre ya 30 desemba 2017, iliyokataza mifuko ya plastiki, itumikishwe. Juma ijayo tunapeleka barua kwa komine. Kila mutu aje na jirani mumoja.