Miaka Ishirini ya Mbunge wa Biharamulo Mashariki

John Pombe Magufuli aliingia Bungeni mwaka 1995 kwa tiketi ya CCM, akiwakilisha Biharamulo Mashariki, jimbo lililokuja kuitwa Chato, na hakutoka hadi 2015 alipochaguliwa kuwa Rais. Chato, alikozaliwa mwaka 1959, wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Baadaye ikawa wilaya, kisha mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Alisoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, akafundisha Sengerema, halafu akawa mkemia wa ushirika wa Nyanza, Mwanza.

Jambo moja katika ubunge huo halitajwi vya kutosha. Mara tu baada ya kuchaguliwa aliteuliwa Naibu Waziri wa Ujenzi, na hakupitisha kipindi hata kimoja nje ya Serikali: Ujenzi, Ardhi, Mifugo na Uvuvi, kisha Ujenzi tena. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge hao hao. Mbunge aliye waziri anasikika Ikulu, lakini hawezi kusimama kuiuliza Serikali, kwa kuwa yeye ndiye anayetakiwa kujibu. Ng'ambo ya pili, Biharamulo Magharibi ilimchagua Phares Kabuye wa TLP mwaka 2005, na Anthony Mbassa wa CHADEMA mwaka 2010. Huko muulizaji alikuwepo, na hiyo si kazi ndogo kuliko uwaziri.

Sifa ya Magufuli ilitoka barabarani. Bungeni alitaja urefu wa barabara kwa kichwa, kilomita na nukta zake. Oktoba 2013 alifuta nafuu ya asilimia 5 ya uzito iliyokuwa ikiachiwa malori. Wasafirishaji wakagoma, foleni zikatanda kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha. Hoja ya Magufuli ilikuwa ya haki: lami ya kutoka Lusahunga hadi Rusumo, Ngara, ikipondwa na malori yaliyozidisha mzigo, gharama inamwangukia hata mkulima asiye na baiskeli.

Machi 2009, Magufuli akiwa na wizara ya uvuvi, meli ya Tawariq 1 ilikamatwa kwa uvuvi haramu katika bahari ya Tanzania. Shehena yake ikagawiwa taasisi mbalimbali, na mitaani ikaitwa "samaki wa Magufuli". Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha hukumu ya kesi ya meli hiyo kwa kasoro za utaratibu. Ari ya kulinda mali ya umma ilikuwepo; kilichopungua ni uangalifu wa kisheria, na bila huo mali hailindiki. Uuzaji wa nyumba za Serikali, uliofanyika Ujenzi ikiwa chini yake, ulimletea lawama zilizomfuata hadi kampeni za urais.

Kiti cha Chato kilikwenda kwa Medard Kalemani. Desemba 2015 naye aliteuliwa Naibu Waziri wa Nishati na Madini, na jimbo likaingia kipindi kingine bila mbunge wa kuihoji Serikali.