Mbwa mkubwa wa ulinzi: Je, anaifaa familia ya Kihoto?

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa Kihoto, Naivasha



Nyumba ikishavunjwa, wazo la kwanza la familia nyingi huwa ni mbwa. Tena si mbwa yeyote, bali yule mkubwa ambaye mwizi akimwona tu anarudi alikotoka: Rottweiler, German Shepherd, au Boerboel wa Afrika Kusini. Akiletwa nyumbani na umri wa wiki nane, watoto wanambeba mikononi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Boerboel dume anaweza kufika kilo 70, uzito wa mtu mzima, na mtoto yule yule aliyembeba hawezi tena kumshika.

Mbwa wa aina hii wana historia. Boerboel alikuzwa kulinda mashamba makubwa, kwenye familia moja na eneo pana. Nchini Namibia, Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kutoka Anatolia, Uturuki, tangu 1994, ili walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma. Mbwa hao hukaa na mifugo tangu wakiwa wadogo, na huamua wenyewe nani ni adui bila kungoja amri. Malishoni, tabia hiyo ni faida.

Sasa mbwa huyo aletwe kwenye ploti ya vyumba kumi, geti moja, bomba moja na choo cha pamoja. Mama anayefanya kazi kwenye shamba la maua anatoka alfajiri kuwahi basi. Jirani anarudi kutoka zamu ya usiku. Watoto wa chumba cha tatu wanaufuata mpira hadi mlangoni, na muuza maziwa anabisha geti. Mbwa wa ulinzi hana orodha ya wapangaji. Kwake yeye, anayekimbia ni wa kukimbizwa, na anayeingia gizani ni mgeni. Katika mazingira hayo, wa kwanza kuumwa huenda asiwe mwizi. Huenda akawa mtoto wa jirani.

Wengi hutafuta suluhisho kwenye mnyororo. Mbwa anafungwa nyuma ya nyumba mchana kutwa kwa sababu watu wazima wote wako kazini, kisha anafunguliwa usiku. Huko ni kumharibu. Mbwa asiyezoeshwa watu tangu miezi yake ya kwanza, anayeshinda amefungwa na kuchokozwa na watoto, huwa na woga na hasira, na siku mnyororo ukikatika hachagui. Familia ambayo haina mtu mzima wa kukaa naye, kumtembeza na kumfundisha kila siku haijawa tayari kwa mbwa wa kilo 50, hata kama pesa za kumnunua zipo.

Kuhusu chakula, hesabu ni fupi. Mbwa wa kiasi hicho anahitaji karibu nusu kilo hadi gramu 700 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu gunia la kilo 20 kwa mwezi. Mabaki ya ugali peke yake hayatoshi. Dawa za minyoo na za kupe ni gharama nyingine.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi ila kwa nadra sana. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kadi ya chanjo ya mbwa ionyeshwe.

Kuna pia sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye kwa uzembe haweki tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye naye. Kibao cha “Mbwa Mkali” hakimwondolei mwenye mbwa wajibu huo, hasa kwa vile mtoto wa miaka minne hajui kusoma.

Kisha kuna ziwa. Kihoto inajua maana ya maji kuingia nyumbani: mwaka 2020, na tena 2025 watu walipotolewa kwa mashua. Anayetaka mbwa mkubwa ajiulize usiku huo atampakia wapi mnyama wa kilo 60 mwenye hofu, kati ya magodoro na watoto. Ajiulize pia kama jamaa atakayewapokea atamkubali. Na kwa wanaofikiria viboko wanaotoka majini usiku kula nyasi, jibu ni hapana. Hakuna mbwa wa kumzuia kiboko.

Familia yenye ua wake, uzio imara, geti linalofungwa na mtu mzima nyumbani mchana inaweza kumfuga vizuri, na akawa mlinzi mwaminifu. Familia ya ploti inaweza kufaidika zaidi na mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kuhasiwa, anayebweka mapema, pamoja na taa ya nje na kufuli nzuri. Kazi kubwa ya mbwa ni kuamsha watu, na mdogo anaiweza vilevile.

Anayeamua kununua aanze kwa kupata idhini ya mwenye nyumba na kuzungumza na wapangaji wenzake. Aende kumwona mama wa mbwa huyo mahali anapoishi: akiwa mkali kupita kiasi kwa wageni, watoto wake huenda wakamfuata. Asikubali mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane. Akishamleta nyumbani, ampeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo, na tarehe ya chanjo iandikwe kwenye kadi.